Mimba Niliyoitangaza Kanisani

Bwana asifiwe, akina mama wa Shirere! Asifiwe na mwenye tumbo na asiye nalo, asifiwe na anayelea na anayengoja! Mmeitikia vizuri hapa mbele, lakini huko nyuma bado nasikia uvivu. Mimi ni mwalimu, na darasa lisipoitikia salamu huwa narudia mpaka liitikie. Bwana asifiwe! Haya, hapo sawa.

Naitwa Mwalimu Jentrix. Nimetoka Navakholo asubuhi hii, vumbi mnaloliona kwenye viatu vyangu ni la huko. Nafundisha sayansi, gredi ya saba mpaka ya tisa. Mume wangu ni Wycliffe, dereva wa trekta ya kubeba miwa. Mama mchungaji wenu aliposikia habari zetu alinipigia simu akasema, njoo uwaambie akina mama wangu jambo lile Mungu alilokutendea. Nami nimekuja, na nawaonya mapema kwamba nitajivuna. Nimengoja miaka saba kujivuna, kwa hiyo mnivumilie.

Ndugu zangu, kwetu mimba haitangazwi, na nadhani hata hapa ni hivyo hivyo. Mwanamke akijijua ana mimba anamwambia mume wake, pengine na mama mkwe, halafu anafunga mdomo. Anatafuta sweta kubwa. Hanunui hata soksi ya mtoto. Kliniki haendi, kwa sababu njiani atakutana na watu, na watu wana macho, na macho mengine si mazuri. Anangoja mwezi wa tano au wa sita, tumbo lijisemee lenyewe. Mama mkwe wangu, Mama Rasoa, alinifundisha hayo wiki ile ile niliyoolewa. Aliniambia mimba ni kama yai chini ya kuku anayeatamia, ukilichungulia kila siku litaoza.

Nami nikatii. Mimi mwenye diploma, mimi ninayewafundisha watoto wa watu jinsi mtoto anavyokua tumboni, nikavaa sweta ya Wycliffe jua kali nikasimama nayo ubaoni.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Ilikuwa msimu wa mvua kubwa. Sikusikia uchungu wowote, na hilo mlishike, maana litakuja kuwa na maana. Nilisikia tu uzito, kama kitu kinanisukuma kwenda chini, halafu chupa ikapasuka, na kabla sijamaliza kuita mtoto alikuwa ametoka. Mvulana. Alikuwa na kucha, ndugu zangu. Niliziona. Mama Rasoa alimfunga kwa kitambaa cheupe akamzika nyuma ya jikoni, akaniambia nioge, nipumzike, nirudi kazini Jumatatu. Nikarudi. Walimu wenzangu nikawaambia nilikuwa na malaria.

Ya pili ilitoka vivyo hivyo, wakati wa kiangazi, miezi mitano. Mvulana tena. Nikasema malaria. Ya tatu ilikuwa msichana, alitoka watu wakiwa wanapalilia mahindi, na zile nywele zake laini za kichwani naziona hata sasa ninapoongea nanyi. Nikasema malaria. Mwalimu mkuu wetu, mtu mwema kabisa, akaniletea neti nzuri ya kulalia.

Mnacheka. Hata mimi leo nacheka. Lakini wakati ule nilikuwa nakaa kwenye choo cha walimu na kulia bila sauti, kwa sababu huwezi kumlilia mbele ya watu mtoto ambaye hukuwahi kuwaambia yupo. Hakuna aliyekuja kunipa pole. Wangenipaje pole, na mimi nilikuwa na malaria?

Basi nikaanza kutafuta mchawi. Sikutafuta mbali. Mume wangu ana kaka, na kaka huyo ana mke anayeitwa Truphena. Boma letu ni moja, kati ya nyumba yake na yangu ni ukuta wa nyasi za mabingobingo tu. Nilikaa chini nikapiga hesabu: kabla ya mimba ya kwanza kutoka, Truphena alikuwa ameniletea mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe, kwenye bakuli. Kabla ya ile ya pili, alikuja kuazima chekeche. Kabla ya ile ya tatu hakuleta kitu wala hakuchukua kitu, alinisalimu tu njiani akaniambia, "Mwalimu, umenawiri." Kumbe ndiye! Macho yake ndiyo yanakula watoto wangu! Nikaacha kumsalimu. Akipita hapa napita pale. Kwenye matanga tukiwa jikoni pamoja mimi naangalia sufuria.

Mwalimu wa sayansi, ndugu zangu! Mtu anayewaambia wanafunzi wasikubali jambo bila ushahidi. Ningekuwa nasahihisha mtihani wangu mwenyewe ningejipa sufuri, na ningeandika kwa kalamu nyekundu, "Njoo na mzazi."

Na kulikuwa na kingine, nikiri chote. Nilimdharau. Truphena aliachia darasa la saba. Halafu ghafla serikali ya kaunti ikamfanya mhudumu wa afya ya jamii, akapewa mkoba na daftari kubwa, akawa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anakohoa, nani hajachanjwa, nani ana mimba. Yeye kuniuliza mimi! Niliona dunia imepinduka.

Mimba ya nne nilijijua ninayo mwezi wa Januari, shule zikiwa zimefunguliwa. Mwezi wa pili, Truphena akapiga hodi na daftari lake. Nilimpokea mlangoni, sikumkaribisha ndani. Akauliza, "Mwalimu, kuna mtoto chini ya miaka mitano hapa?" Nikasema hapana. "Kuna mgonjwa?" Hapana. "Kuna mwenye mimba?" Nikasema hapana. Akaniangalia. Mimi niko ndani ya sweta, na jua la Februari mnalijua. Akauliza tena polepole, nikasema hapana tena. Alipofika pale kwenye mgomba aligeuka, "Mwalimu, kweli hakuna?" Nikasema, "Truphena, hujui maana ya hapana?" Nilikana mara tatu kama yule mtume mnayemjua, ila jogoo hakuwika, kwa sababu tulikuwa tumemla Jumapili.

Sasa sikilizeni jinsi Bwana alivyonikamata. Hakutumia malaika wala nabii kutoka Nairobi. Alitumia somo langu mwenyewe.

Siku kumi hivi baada ya hapo, ratiba ilinifikisha kwenye somo la ukuaji wa mtoto tumboni, gredi ya nane. Somo hilo nalipenda, na kusema kweli hakuna anayelifundisha kunishinda. Nilichora ubaoni mji wa mimba, nikachora kondo, nikachora kamba ya kitovu, nikaanza kuwaeleza. Wiki ya sita, moyo unapiga tayari, na mama pengine hata hajajua. Wiki ya nane, mikono imetokeza, vidole bado vimeshikana kama mguu wa bata. Wiki ya kumi na mbili, nikasema kwa ile sauti yangu ya ubaoni, viungo vyote viko mahali pake. Ana macho yaliyofumba, ana masikio, ana kucha zinazoanza. Urefu wake ni kama wa kidole hiki kidogo. Kilichobaki ni kukua tu. Ni mtu kamili aliye mdogo.

Nikainua kidole changu kidogo ili darasa lione. Na mimi nikakiona.

Ndugu zangu, siku ile mimba yangu ilikuwa na wiki kumi na mbili. Nilisimama pale na kidole juu, nikasikia maneno yangu yakinirudia. Ana moyo. Ana vidole. Na mimi juzi mlangoni nimesema hakuna mtu. Nimemkana mtoto wangu mwenyewe mbele ya daftari! Na wale wengine watatu niliwaita malaria! Chaki ilianguka. Nikawaambia wanafunzi wachore mchoro, nikatoka nje, nikashika mti wa mkuyu ulio nyuma ya maktaba, nikalia. Safari hii nililia kwa sauti, nikamwambia Mungu, "Baba, nimechoka kuwaficha watoto uliowaumba wewe. Huyu hata akienda, ataenda akijulikana."

Kengele ya mwisho ilipolia sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Truphena. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni anachambua mboga za murere. Miguu yangu ilitaka kurudi. Nilikuwa namwendea mwanamke niliyemwogopa kuliko wote duniani, kumpa ile siri moja niliyoamini angenimaliza nayo. Nikasema, kabla ujasiri haujaisha, "Truphena, nina mimba ya miezi mitatu. Na kabla ya hii zilikuwa tatu. Zote zilitoka."

Hakushtuka. Alisukuma ungo kando akanivutia kigoda kingine.

"Zilitoka zikiwa za miezi mingapi?"

"Mitano."

"Zote?"

"Zote tatu."

"Na uchungu? Ulisikia uchungu kama wa kuzaa?"

"Hapana. Uzito tu, halafu maji, halafu basi."

Akafuta mikono kwenye leso. Halafu akasema, "Mwalimu, kesho husomeshi. Kesho mimi na wewe tunaenda hospitali kubwa. Hiyo kitu nimefundishwa kwa semina, inaitwanga udhaifu wa mlango wa kizazi. Mtoto akianza kuwa mzito, mlango unashindwa kumshika. Lakini wakikupata mapema, wanaushona. Sasa hivi ndiyo mapema. Ungengoja tumbo lijisemee, ungekuwa umechelewa."

Nikamwuliza alijua lini. Akacheka. "Mimi nilijuanga tangu January. Nani anavaa sweta Navakholo saa nane mchana? Lakini kwa daftari siwezi andika kitu mwenyewe amekataa. Nilikuwa napita tu hapo kwako kila siku nikiomba, Mungu, fungua huyu mwalimu mdomo."

Yule niliyedhani ananitazama kwa jicho baya alikuwa anapita akiniombea! Nikamkumbatia na murere wake mkononi. Nikamwambia yote niliyomdhania, mushenye na chekeche. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na lile bakuli hukurudisha." Hivyo ndivyo Truphena alivyonisamehe.

Kesho yake tukaenda. Daktari aliniuliza maswali yale yale aliyoniuliza Truphena, kwa mpangilio ule ule, nami nikamtazama dada yangu wa darasa la saba nikaona haya na fahari kwa pamoja. Kisha wakanilaza kwa ajili ya picha. Ndugu zangu, mambo haya nimeyachora ubaoni miaka tisa. Lakini kumwona! Alikuwa pale kwenye kioo, kichwa kikubwa kama cha baba yake, akijitupa huku na huku kama samaki kwenye beseni. Moyo wake ulikuwa unapiga mbio. Akainua mkono. Truphena akasema, "Anakusalimu, mwalimu, itikia!" Nikaitikia. Nilisema "Hujambo" kwa sauti chumba kizima kikasikia.

Walinishona wiki ya kumi na tatu. Nilidungwa sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, nikawa nasikia mikono yao bila maumivu. Daktari alizungusha uzi kwenye ule mlango akaukaza, kama mnavyokaza mdomo wa gunia la mahindi ili yasimwagike. Basi! Miaka saba ya machozi, na dawa yake ilikuwa uzi. Wengine wataniambia, kwa hiyo ni daktari aliyekuokoa, si Mungu. Mimi nawajibu, ule uzi ulikuwepo hospitalini miaka yote saba. Aliyenitoa kwenye sweta nikaufuata ni nani?

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kwetu wakati wa matangazo. Mimba ilikuwa na wiki kumi na nne, tumbo liko bapa kama ubao. Nikasema, "Mimi Jentrix nina mimba. Tatu zilizotangulia nilizificha, na hii naomba mnisaidie kuibeba." Watu wakageuka kutazamana. Mama Rasoa alivuta leso akajifunika uso, akatoka nje. Alikaa wiki mbili bila kusema nami. Chakula alinipikia, maana ni mwanamke wa haki, lakini sahani aliituma kwa mkono wa Wycliffe.

Lakini baada ya ibada, Mzee Hezron, mzee wetu wa kanisa mwenye miaka zaidi ya sabini, aliniita pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wiki kumi na nne, mtoto anakuwa amefika wapi?" Alikuwa na watoto tisa na hakuna hata mmoja ambaye yeye, baba, aliwahi kuelezwa habari zake kabla hajazaliwa. Nikamweleza. Jumapili iliyofuata akanisimamisha mbele ya watu wote. "Mwalimu, tupe habari za wiki."

Na hapo ndipo likaanza jambo ambalo mimi sijawahi kulisikia katika kanisa lingine lolote. Kila Jumapili, baada ya matangazo ya harambee, ya mazishi na ya kwaya, nilisimama nikatoa habari za mtoto. Wiki ya kumi na sita nikawaambia anameza yale maji anayoogelea, na anakojoa. Mzee Hezron akauliza, "Anakojoa wapi sasa?" Nikasema humo humo, mzee. Kanisa lilivunjika mbavu, mchungaji akashindwa kuendelea. Wiki ya kumi na nane nilisikia teke la kwanza nikiwa kwenye kwaya, katikati ya ubeti, nikapiga kelele, na waimbaji wa sauti ya tatu wote wakadhani nimejazwa Roho. Wiki ya ishirini, ana nyusi, amefunikwa malaika, vile vinyweleo laini, mwili mzima. Wababa waliokuwa wakisinzia tangu ubatizo wao walikuwa macho. Vijana wakaanza kuwauliza mama zao walikuwaje walipokuwa tumboni. Najivuna, ndugu zangu! Nimefundisha madarasa mengi, lakini darasa kama lile sijawahi kulipata.

Halafu ikaja wiki ya ishirini na moja.

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, niko njiani natoka shuleni. Nikausikia. Ule uzito, mahali pale pale, unasukuma kwenda chini. Niliujua kama ninavyojua sauti ya mama yangu. Nilishika ua wa watu nikasimama. Jentrix wa zamani angejikokota mpaka nyumbani, angelala kitandani na mlango umefungwa, na kesho kungekuwa na malaria. Mimi niliita. Niliita mpaka watu wa shamba la pili wakatupa majembe. Truphena alikuja mbio, kiatu mguu mmoja. Wycliffe akaja na trekta, ameiacha trela ya miwa barabarani, anataka kunibeba nayo! Truphena akamkemea, "Toa hiyo kitu hapa! Unataka kumwaga mtoto kwa murram?"

Kabla hawajamaliza kubishana gari la Mzee Hezron lilifika. Hakuna aliyekuwa amempigia, kelele zangu tu zilimfikia. Mzee alikuwa ameniwekea gari tayari tangu asubuhi ya Jumatatu, petroli imejaa, kwa sababu alikuwa ameshika hesabu niliyompa na alijua hii ndiyo wiki ambayo watoto wangu hawakuwahi kuivuka. Nilipolala kwenye kiti cha nyuma nikalia, si kwa hofu tu. Nililia kwa kuwa kwa mara ya kwanza kuna mtu mwingine aliyekuwa anahesabu.

Hospitalini walipima wakakuta maambukizi kwenye mkojo, ndiyo yaliyokuwa yanauamsha mji wa mimba. Ule uzi ulikuwa umeshika! Umeshika imara! Wakanipa dawa, wakaniamuru nilale. Siku tatu nilitazama dari nikasema na Mungu bila mapambo. Nikamwambia, "Kama ni kumchukua, mchukue, lakini nimemzoea, na kanisa limemzoea. Mzee Hezron anangoja habari za Jumapili." Siku ya nne uzito ukaondoka. Mtoto akanipiga teke upande wa kulia, teke la mwenye nyumba anayeuliza kelele ni za nini. Haleluya!

Jumapili ile Truphena ndiye aliyesimama badala yangu kutoa habari za wiki. Nimeambiwa alieleza vizuri kunishinda. Siamini, lakini nimeambiwa.

Wiki ya ishirini na nne niliwatangazia kwamba sasa mtoto anasikia, anajua sauti ya mama yake na anaanza kuzoea sauti za nyumbani. Jioni ile Mama Rasoa alikuja kwangu na bakuli la uji. Nilikuwa nimelala ubavu. Alikaa pembeni ya kitanda, akajifanya anapanga leso, akaangalia mlango kama kuna mtu. Halafu akainama karibu na tumbo langu akasema kwa Kiluhya chetu, taratibu, kwamba yeye ni kukhu, nyanya yake, na kwamba atulie, asiharakishe, hapa nje hakuna kinachomkimbia. Nilifumba macho nikajifanya nimelala. Kuanzia hapo alikuja kila jioni.

Wiki ya ishirini na nane alifungua macho. Wiki ya thelathini na mbili alikuwa akinenepa, nikawaambia kanisani kwamba sasa kinachongojwa ni mapafu, ndiyo hukomaa mwisho. Mzee Hezron akaamuru maombi maalumu kwa ajili ya mapafu. Wiki ya thelathini na saba daktari alikata ule uzi akanipa niuone: uzi mdogo tu, hauzidi kiganja. Siku tisa baadaye nilipata uchungu, uchungu wenyewe, ule ambao sikuwahi kuujua. Kila ulipokuja nilisema asante. Wauguzi walidhani nimechanganyikiwa.

Ni msichana. Kilo tatu nukta mbili. Mahindi yalikuwa yanavunwa, tukamwita Nekesa, kama wanavyoitwa wasichana wetu wanaozaliwa msimu huo. Alilia mpaka kwenye korido, na huko koridoni walikuwa wamejaa watu wa kanisa wenye mabirika ya chai na ingokho, kuku mzima, kwenye sufuria, wakasikia ile sauti, wakaanza kuimba wakafukuzwa na askari. Yale mapafu waliyoyaombea yalikuwa yanafanya kazi!

Siku ya kumweka wakfu, mchungaji aliniuliza mbele ya watu, "Huyu ni mtoto wako wa kwanza?" Ni swali la kawaida. Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Nikasema, "Hapana. Ni wa nne." Nikawataja. Wafula, aliyekuja na mvua. Simiyu, aliyekuja kiangazi. Naliaka, aliyekuja wakati wa palizi. Wycliffe alikuwa hajawahi kusikia majina yale, nilikuwa nimewapa siku ile ile nikiwa nasimama pale. Alijiinamia akalia, na kanisa zima likasema, "Pole, mama." Nilikuwa nimengoja pole ile miaka saba.

Kabla mchungaji hajaendelea, kiti kililia nyuma yangu. Mama Rasoa alikuwa amesimama. Mwenye ule msemo wa mimba na yai, mwenye kitambaa cheupe, mama mkwe wangu aliyewazika watatu wale kwa mikono yake bila kutoa chozi. Akasema, "Na mimi nilikuwa na wawili. Mmoja kabla ya kaka yake Wycliffe, mmoja baada ya Wycliffe. Mama mkwe wangu aliniambia nisiseme, sikusema. Baba yao alikufa hajui. Sasa nimekuwa mzee, naogopa nikifa hakuna mtu atakayejua walikuwako." Alisema hivyo tu, akabaki amesimama, na sisi tukamwambia, "Pole, mama." Akasimama mama mwingine. Akasimama mwingine. Mzee Hezron akasimama kwa niaba ya marehemu mke wake. Ibada ile iliisha saa kumi, na mahubiri hayakuhubiriwa.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyemfuma Nekesa gizani huku akimwona. Namshukuru kwa Truphena, kwa ule uzi, kwa gari lililojazwa petroli. Mkinipongeza nitapokea, maana nimebeba. Lakini najua hapa ndani kuna mwenye wiki sita, mwenye wiki kumi, anayesema moyoni ngoja kwanza tumbo lijisemee. Dada yangu, mtumaini Mungu na umwamini na mtu. Kliniki yafunguliwa kesho saa mbili, nami nitakusindikiza, nimeomba ruhusa shuleni.

Na kuna mama aliyepoteza mtoto wake kimya kimya, ambaye hakuna aliyewahi kumpa pole. Mama Rasoa nimekuja naye, ndiye yule pale mlangoni na mtoto mgongoni. Nawe, mama, simama tu umtaje mtoto wako. Hatutakuuliza chochote, sisi tutaitikia.